Mama wa Milima ya Chai

Mgeta,
Jumapili, 11 Februari 2024

Mwanangu Martina,

Marahaba, maana najua huko uliko umeshaniamkia moyoni. Sisi huku tupo. Ukungu umekaa tangu Alhamisi na hauna dalili ya kuaga. Jana nimepalilia karoti kwa kupapasa, na nadhani nimepalilia na za jirani. Mbuzi mweupe kazaa pacha. Paroko mpya anahubiri kwa kifupi, Mungu ambariki. Goti langu la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. Habari nyingine ni za watu wasiotuhusu, nitakusimulia zote ukija.

Anselmi kanifikishia flashi yako ndani ya bahasha, kavu kabisa. Kwa dereva wa lori la mboga, huyo ni mtu wa kuaminika, ingawa kabichi zangu huwa anazikalia. Afadhali hivi kuliko simu. Tangu ile yangu izame kwenye pipa la dawa ya nyanya sijaikumbuka hata siku moja, na mtandao wenyewe ulikuwa mpaka upande kilimani ukasimame kwa mguu mmoja.

Muvi zote sita nimeziangalia. Maoni yangu ni haya, na usiseme hukuniuliza.

Ya Kihindi nimelia. Wahindi wanajua kulia, wanalia mpaka na mabega. Ila yule kijana kapigwa risasi tatu za kifua halafu kaimba wimbo mzima na kiitikio chake. Mimi mwiba ukinichoma hata Salamu Maria siimalizi. Ya Kichina sikuelewa nani anagombana na nani, lakini nimeipenda sana, maana wale watu hawatembei, wanaelea juu ya mianzi. Mchana nikasinzia, nikajiona nateremka kwenda gulioni Nyandira na tenga la njegere kichwani, miguu haigusi njia, ukungu umenishika kwapani. Nimeamka nimechoka kwa furaha. Hizi zetu za Dar, nisamehe, usinitumie tena. Mwanamke anaamka asubuhi na wanja! Nyumba nzima ni makochi, jiko hulioni, sijui watu wale wanakula wapi. Na kila anayepewa habari ya msiba lazima aangushe simu.

Lakini ile ya sita, mwanangu. Ile ya Kituruki ya milima ya chai, aliyoitafsiri huyu Rogers wa hapo Morogoro mjini, anayesimulia muvi za watu kwa Kiswahili juu ya sauti zao. Milima ile ni hii hii yetu. Miteremko, matuta, ukungu, akina mama na mizigo. Yule mama anamwacha binti yake kwa dada yake, anapanda basi kwenda mjini kushona nguo, anasema atarudi. Mtoto anakwenda kituoni kila siku na kigoda chake kumsubiri. Miaka inapita, mtoto anakua, kigoda ni kile kile. Mwisho tunamwona mama ndani ya basi, kaegemea kioo, mvi zimemtoka, na Rogers anasema kwa ile sauti yake ya asali: “Wapendwa watazamaji, mama anarudi. Kituo kinachofuata ni nyumbani.” Inaishia hapo. Nilizima tivii nikakaa tu, mpaka mbuzi wakaanza kunililia njaa.

Hivi huko Dumila utakaa mpaka lini, kwenye lile jua na vumbi la malori? Maduka ya muvi yamejaa Morogoro mjini. Kwa nini Dumila? Siulizi kwa ubaya.

Mimi Mama yako Mkubwa,
Anastasia

Dumila,
Jumamosi, 2 Machi 2024

Mama Mkubwa, shikamoo.

Mimi mzima, nimeungua kidogo tu na hilo jua lako. Nipe habari za hao pacha wa mbuzi, wamepewa majina? Bosi wangu Maimuna anakusalimu sana. Barua yako nilimsomea yote dukani, tukacheka mpaka mteja akadhani tunamcheka yeye. Tangu siku hiyo kila muvi ikiingia ananiuliza, “Mama wa Mgeta atasemaje?”

Kazi yetu unaijua. Basi linasimama dakika kumi, watu wanashuka kununua mahindi ya kuchoma na vitunguu, wachache wanakimbilia kwetu na flashi mkononi, wanataka muvi kumi kabla kondakta hajaanza kupiga ubavu wa basi. Nimejifunza kumjua mtu anayetaka kulia na anayetaka kucheka kabla hajafungua mdomo. Madereva wa malori, amini usiamini, wote wanataka kulia.

Maoni yangu na mimi nitoe. Za kupigana sizipendi, maana mshindi namjua tangu mwanzo kwa nywele zake. Napenda ambazo mtu anachota maji, anapika, anakaa, na wewe unakaa naye. Ile ya milima ya chai nimeiangalia mara tatu. Sikuwa naangalia mama, nilikuwa naangalia yule mtoto na kigoda. Rogers hasemi yule mama aliondoka kwa sababu gani hasa. Wewe ulielewaje?

Na swali jingine, dogo tu. Hivi mama yangu alipenda muvi?

Kuhusu Dumila, ni njia panda, biashara inakwenda. Hakuna zaidi.

Mwanao,
Martina

Mgeta,
Jumapili ya Matawi, 24 Machi 2024

Mwanangu Martina,

Leo nimetoka kanisani na tawi langu, mvua ikatunyea wote sawasawa, wacha Mungu na wasengenyaji. Hatujambo. Pacha wa mbuzi nimewaita Haki na Amani, na wanapigana kutwa. Viazi vimeanza kuoza shambani kwa maji haya. Njia ya kwa marehemu mjomba wako Severini imemomonyoka, tunazunguka juu kwa juu.

Mama yako alipokuwa huku hakukuwa na tivii hata moja. Basi.

Sasa sikiliza habari. Ile muvi ya chai imeniponza. Nilimwonyesha jirani mmoja, akamwambia mwingine, na sasa kila Jumapili baada ya jumuiya wanawake wote wanahamia kwangu na maharage yao ya kuchambua. Wanakaa mpaka mlangoni. Sola ikijaa tunaiangalia yote, isipojaa tunaanzia kituoni. Wanaijua kwa moyo. Ikifika pale kwenye basi, vidole vinasimama kwenye maharage, na wote wanasema pamoja na Rogers: kituo kinachofuata ni nyumbani. Halafu wanapangusa macho na kuanza kusemana kuhusu bei ya mbolea.

Mimi nimekuwa naiona hata nikifumba macho. Juzi nimesimama shambani asubuhi, ukungu mzito, nikasikia gari linapanda, nikaona kabisa lile basi lenye mapazia linakuja kati ya kabichi zangu, taratibu, halina haraka, na kuna mtu dirishani. Nikasogea pembeni nimpishe. Kumbe ni Anselmi na lori lake kule barabarani. Ndiyo uzee huo, usinicheke.

Unauliza yule mama aliondoka kwa nini. Aliondoka kwa sababu watu huondoka. Usipekuepekue kila kitu. Nitumie nyingine kama ile ya Kikorea uliyonitumia majuzi. Napenda wanavyokula kila saa, ingawa sijamwona hata mmoja akiosha vyombo.

Mama yako Mkubwa,
Anastasia

Dumila,
Jumapili, 21 Aprili 2024

Mama Mkubwa, shikamoo.

Pole na viazi. Huku nako maji yamejaa, kuna siku mbili mabasi hayakupita kabisa na Dumila ikawa kimya mpaka ikatisha. Maimuna kajifungua salama, mtoto wa kike, tunaendelea kumsaidia. Mimi sijambo kwa mwili.

Nina jambo na sijui utalipokeaje. Wiki ile ya maji kuna mwanafunzi wa chuo alikwama hapa akielekea Dodoma. Kwenye kompyuta yake alikuwa na ile muvi ya chai yenyewe, kama ilivyotengenezwa, haina Rogers, ina maandishi ya Kiingereza chini. Aliniachia. Nimekaa nayo na kamusi siku tatu, nasimamisha, nasoma, naendelea.

Mama Mkubwa, yule mama harudi.

Pale mwisho kwenye basi, Rogers anapoongea, chini yake kuna maneno. Kondakta anamuuliza mama, “Unashuka hapa?” Mama anakitazama kituo. Halafu anajibu, “Hapana. Endelea.” Basi linaondoka. Rogers amefunika maneno yale kwa sauti yake, na kipande cha mwisho amekikata: kituo kitupu, kigoda kimelowa mvua, hakuna mtu.

Nilimpigia Rogers. Nilikuwa na hasira kweli. Akaniambia, “Dada yangu, siku ile natafsiri nilikuwa naisimulia moja kwa moja kwenye kibanda cha muvi, watu arobaini, nusu yao wanawake na watoto mapajani. Wewe ungewaambia ‘endelea’?” Nikakata simu.

Lakini nimefikiri, na naona hiyo ya asili ndiyo ya kweli. Mtu anayetaka kurudi anarudi. Barabara zipo, mabasi yapo, mimi ndiye ninayeyaona kila siku. Asiyerudi hakutaka.

Mwanao,
Martina

Mgeta,
Jumapili, 12 Mei 2024

Martina,

Wote wazima. Mvua inaendelea.

Huyo Mturuki aliyetunga hiyo muvi hajui kitu. Mimi nimeishi miaka sitini na moja na nimeona watu zaidi yake. Yule mama alirudi! Rogers hakukosea, Rogers ana akili kuliko chuo kizima cha huyo mwanafunzi wako. Mtu hawezi kukaa dirishani na uso ule halafu aseme endelea. Uso ule ni wa mtu anayerudi, hata mtoto mdogo anauona.

Na wanawake wa jumuiya usije ukawaambia upuuzi huu. Wameniuliza kwa nini Jumapili iliyopita sikuwasha, nikasema sola imekufa. Umenitia kwenye dhambi ya uongo kwa sababu ya kamusi.

“Asiyerudi hakutaka.” Nani kakufundisha kusema hivyo? Hujui barabara ina nini, Martina. Hujui.

Nimekasirika. Karoti nakutumia hata hivyo, mfuko uko kwa Anselmi.

Anastasia

Dumila,
Jumapili, 9 Juni 2024

Mama Mkubwa, shikamoo.

Karoti nimepokea, tumekula na Maimuna, asante. Mtoto wake anaanza kucheka. Sikujibu haraka kwa sababu kila nikianza nachana.

Usinikasirikie, nataka kusema mambo mawili niliyoyanyamazia.

La kwanza. Nikiwa mdogo, nikimlilia mama, ulikuwa unatoa karatasi kwenye sanduku lako la nguo unanisomea barua yake. “Mwanangu Martina, mimi sijambo, nakukumbuka, soma kwa bidii, mtii Mama Mkubwa.” Nilikuwa nalala vizuri siku hizo. Darasa la tatu nilipojua kusoma nikaifungua ile karatasi wewe ukiwa shambani. Yalikuwa maelekezo ya kupanda mbegu za karoti. Umbali kati ya mstari na mstari, kina cha shimo, siku za kuota. Niliirudisha kama ilivyokuwa. Na bado nilikuomba unisomee, mara nyingi tu, na wewe ulisoma, nami nilikuwa nakuangalia midomo. Kwa hiyo Rogers sishangai kumpenda kwako. Wewe na yeye mna kazi moja.

La pili. Uliniuliza kwa nini Dumila. Kwenye msiba wa mjomba Severini nilisikia wanawake jikoni wakisema Cecilia, mama yangu, alionekana Dumila akishuka kwenye basi. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilipomaliza shule nikatafuta kazi hapa. Mwaka wa tatu huu naangalia kila mwanamke anayeshuka, Mama Mkubwa. Naangalia paji la uso, kama lina kona mbili kama langu. Wakati mwingine mchana, joto likizidi, nyuso zote zinachanganyika, naona mama mmoja anashuka mara mia, na kila mara ananunua vitunguu na kupanda tena.

Nimechoka. Ile muvi imenifungua macho. Mama aliangalia kituo akasema endelea, alinitupa, na mimi nimekaa na kigoda. Mwisho wa Julai naacha kazi. Kuna rafiki yangu Mwanza ananiita kwenye duka la nguo. Sitamtafuta tena na sitaki kusikia jina lake. Huko ni mbali, flashi hazitafika.

Nisamehe kama nimekuumiza.

Martina

Mgeta,
Jumapili, 30 Juni 2024

Mwanangu Martina,

Baridi ya mwaka huu ni kali, maji ya kwenye ndoo asubuhi yanauma meno. Haki amevunjika mguu. Paroko hajambo. Nimemaliza habari za nyumbani, na sasa mkono hautaki kuandika, lakini utaandika.

Usiende Mwanza ukiamini hivyo. Mama yako hakukutupa. Mama yako alirudi.

Ilikuwa Julai, baridi kama hii, mwaka 2007, wewe una miaka saba. Alikuwa amekuacha kwangu ukiwa na mitatu, kwenda upande wa Turiani kuwapikia wakata miwa, akasema akipata pa kukaa atakuja kukuchukua. Akapata. Akaolewa na mtu mwema. Akatuma neno kwamba anakuja, na mimi nikaenda kumngoja barabarani, pale lori linapogeuzia, asije akafika nyumbani. Nilimwona anashuka kwenye lori, toka juu ya magunia matupu, amekonda, amebeba mkoba mpya wa shule kifuani. Ule wa bluu. Nilikuambia umetoka kanisani.

Nikamwambia, “Kaka amekataa. Kaka Severini amesema mtoto ni wa lukolo, wa ukoo wa upande wa mama, haendi kulelewa ugenini na mwanaume asiye wetu.” Unaujua ukoo wetu, neno la mjomba juu ya mtoto wa dada yake halijibiwi. Akaniuliza, “Kaka mwenyewe kasema?” Nikasema mwenyewe. Martina, Severini alikuwa Matombo msibani, hata habari hana. Hakusema lolote. Angekuwepo angekupa kwa mama yako siku ile ile na kuku juu.

Akakaa chini kwenye majani. Akasema, “Basi nimwone tu kwa mbali.” Nikamwambia utamliza. Wewe ulikuwa pale juu nyumbani unafukuza kuku na kupiga kelele, na sauti yako ilikuja mpaka barabarani. Akaisikia. Akasimama akaisikiliza mpaka lori likajaa kabichi. Halafu akanipa mkoba akapanda.

Sikuzaa. Unajua hilo, lakini hujui linavyokaa ndani ya mtu. Miaka minne ulikuwa unalala umenishika kidole. Niliogopa. Nilikuwa mwizi, na niliogopa kama mwizi. Nikaanza kukusomea ile karatasi ya karoti, kwa sababu barua za kweli zilikuwa haziji, na nilijua nani amezizuia.

Severini alipokufa Cecilia hakuja kumzika, maana aliamini kaka yake ndiye aliyemnyang'anya mtoto. Watu walimsema vibaya na mimi nikakaa kimya jikoni nakoroga uji.

Ndiyo maana nakuambia yule mama wa chai alirudi. Huyo Mturuki alimwona ndani ya basi tu. Hakumwona aliyesimama barabarani.

Yuko Turiani. Anselmi alimwona sokoni mwaka juzi akiuza chakula, mimi nikamwambia afunge mdomo. Ulizia kwa Cecilia wa Mgeta, watakuonyesha.

Sikuombi msamaha kwa barua. Nimeandika kile kilichokuwa.

Anastasia

Mgeta,
Jumapili, 28 Julai 2024

Mwanangu,

Anselmi amekuja mara nne mikono mitupu. Sasa haniambii kitu, ananitikisia kichwa tokea mbali ili nisisumbuke kuteremka. Mimi nateremka tu.

Wanawake wa jumuiya nimewaambia sola imepona. Tumeiangalia leo. Ilipofika kwenye basi nilitoka nje, nikawasikia kupitia dirishani wakisema yale maneno yao wote pamoja. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye bati, na sauti zao zilikuwa kama zinatoka bondeni, mbali sana. Niliwaonea wivu.

Kama umeshaenda Mwanza, Mungu akutangulie. Andika neno moja. Hata la kunitukana.

Anastasia

Dumila,
Jumapili, 18 Agosti 2024

Mama Mkubwa, shikamoo.

Nakuamkia kwa sababu ndivyo ulivyonilea. Mtoto wa Maimuna ameanza kukaa. Mwanza sikwenda. Barua yako niliisoma nikaiweka chini ya godoro wiki tano, kila siku naenda kazini, nauza muvi, nakuchukia, narudi. Nilikuchukia kweli. Nilikuwa naamka nakuta nimeota unanisuka nywele, nakuchukia zaidi.

Jumamosi ya wiki iliyopita nikapanda gari la Turiani. Barabara yote ni miwa, pande zote mbili, hamna kitu kingine, inayumba tu kwa upepo, nikawa sijui kama tunakwenda au tumesimama. Sokoni nikauliza Cecilia wa Mgeta. Wakanionyesha mwanamke anayekata sukuma wiki, amenipa mgongo. Nilikohoa tu. Akageuka. Paji lina kona mbili.

Akaweka kisu chini. Akasema, “Kaka Severini anajua uko hapa?” Mama Mkubwa, hicho ndicho kitu cha kwanza mama yangu aliniambia. Nikamwambia mjomba amefariki miaka minane iliyopita. Akasema anajua, ila alipoona sura yangu alisahau. Akanipa sahani ya ugali na samaki, nikala, akawa ananiangalia ninavyotafuna. Ana watoto wawili wa kiume, warefu, wapole, mmoja anacheka kama mimi. Mume wake alinipisha kiti chake.

Hakulia. Alikuwa ananihesabia vitu alivyokuwa anatuma mwanzoni. Nikampa barua yako aisome mwenyewe. Aliposoma pale palipoandikwa Severini alikuwa Matombo msibani, hata habari hana, aliweka karatasi kwenye mapaja akalia kwa sauti mpaka wateja wakaondoka. Alikuwa anasema, “Sikumzika. Kaka yangu, sikumzika.” Miaka kumi na saba amemchukia mtu asiyemkosea. Kwangu mimi hakulia vile, na sikumlaumu.

Nilikaa siku nne. Asubuhi ya kuondoka nilimwambia twende Mgeta, ukaone kaburi. Akakataa. Akasema, “Mara ya mwisho nilikwenda kwa hamu yangu mwenyewe, nikarudishwa. Sipandi tena mlima ule mpaka dada aniite yeye, kwa mkono wake, bila kupitia mdomo wa mtu.” Nikamwambia dada anaona aibu. Akasema, “Aandike na aibu yake.”

Mimi sijakusamehe. Labda nikikuona, labda mwakani, sijui, nisikudanganye. Lakini nimekukumbuka. Nimekutumia bahasha tupu na stempu juu yake, anwani nimeiandika mimi. Usiniandikie mimi safari hii.

Mwanao,
Martina

Mgeta,
Jumapili, 25 Agosti 2024

Cecilia mdogo wangu,

Kaka hakukukataza. Lile neno nililitunga mimi, pale barabarani, nikikutazama usoni.

Njoo nyumbani. Nitakaa ndani, mlango wazi.

Dada yako,
Anastasia